Pikapu ya Mzigo: Nozeli Kwanza, Skrini Baadaye

Mchuuzi wa samaki anayetafuta pikapu jijini Mwanza huvutwa pande mbili. Kuna Toyota Land Cruiser "mkonga" ya mtumba yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Kuna pia Hilux ya lita 2.8 iliyoingia sokoni mwaka 2015: hainywi sana mafuta, na ina skrini.

Skrini isimpofushe. Hesabu iko kwenye nozeli. Injini hii mpya husukuma dizeli kwa mgandamizo mkubwa mno, kompyuta ikiamuru; dizeli ya dumu iliyoingia maji huziua nozeli zake. Gari likigoma Ukerewe, mashine ya kusoma hitilafu huenda iko ng'ambo ya maji, na barafu ya sangara inayeyuka. Pampu ya 1HZ haijui kompyuta. Fundi mwenye spana huitoa hewa, safari ikaendelea.

Hata hivyo, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mwenye mzigo wa Sengerema na Geita hupita lami bila kungoja kivuko. Huyo akinunua mkonga, ambayo hata ikiwa kuukuu haishuki bei, analipia uimara asioutumia. Breki za kisasa na mifuko ya hewa vitamfaa zaidi. Wa mialoni na visiwani abaki na chuma cha zamani.

Kabla ya kutoa fedha, amwulize fundi wa mwisho wa njia yake, si muuzaji: nozeli ya gari hili hupatikana hapa kwa siku ngapi?