Maji Yameingia Ndani: Mdeki au Mtupe?

Watu wawili wanaoishi nyumba moja hawakosi cha kugombania. Pesa, simu, mawifi, nani alale upande wa ukutani. Mwezi huu nina ugomvi mwingine wa kuongeza kwenye orodha: maji. Si bili ya maji, hapana. Nazungumzia maji yaliyoingia sebuleni bila hodi, na lile swali linalofuata baada ya kuyatoa. Tudeki maisha yaendelee, au tutupe?

Nina marafiki, mke na mume, wanakaa Tabata. Bomba la chini ya sinki la jikoni lilipasuka usiku wa manane, na walipoamka maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Dada wa watu alilia kama amefiwa. Mpaka saa nne asubuhi walishaamua kutupa nusu ya vyombo vya ndani.

Wengine wako Mikocheni. Choo chao cha wageni kilirudisha maji, tena machache tu, ndoo moja hivi, yakapita mlangoni na kulowesha pembe ya zulia. Shemeji yangu akachukua dekio, akafuta, akaelekeza feni kwenye zulia, akarudi kuangalia mpira. Mkewe akasema zulia litoke. Yeye akasema haiwezekani, zulia la laki sita haliondoki kwa ajili ya ndoo moja ya maji. Siku tatu hawasemeshani! Na katika siku tatu hizo, mtoto wao wa miezi 10 alikuwa anatambaa juu ya zulia lile lile.

Ukiwauliza watu kumi ni nyumba ipi iliyopata balaa, tisa watakwambia ya Tabata. Kwa upande wa hasara sawa, huenda wana haki. Kwa upande wa afya, mwenye balaa ni Mikocheni, na wala si jambo la kubishania.

Mafundi wanaofanya kazi ya kuokoa nyumba zilizoingia maji hawaanzi na kuuliza yalikuwa mengi kiasi gani. Wanauliza yametoka wapi. Taasisi moja ya Marekani, IICRC, imeandika mwongozo uitwao S500 ambao mafundi wengi wa kazi hiyo huko ndio wanaoufuata, na humo maji yamegawanywa katika madaraja matatu.

Daraja la kwanza ni maji yaliyotoka mahali safi: bomba la maji ya kuingia ndani, hita ya bafuni, tanki lililofurika wakati mashine inapandisha maji. Haya ukiyawahi, unakausha tu. Hapa ndipo walipokuwa wenzetu wa Tabata.

La pili ni maji ambayo tayari yamefanya kazi. Ya mashine ya kufulia, ya sinki lenye mafuta na makombo, ya bafuni yenye sabuni na jasho. Yana vijidudu na kemikali za kutosha kukuumiza tumbo au ngozi. Hapa unahitaji glavu na dawa ya kuulia vijidudu, na sponji iliyoyanywa, kama ya chini ya zulia, haifai tena.

La tatu, kwa lugha ya mafundi hao, huitwa maji meusi. Jina hilo linapotosha kidogo kwa sababu yanaweza kuwa meupe kabisa na yasinuke. Ni maji yoyote yaliyorudi kutoka chooni na kwenye bomba la maji taka, au yaliyofumka kwenye chemba, na vilevile maji ya mafuriko yaliyotoka nje kuingia ndani. Ndoo moja ya haya ni mbaya kuliko pipa zima la maji ya bomba.

Na hayo ya mafuriko, jamani, kwa Dar es Salaam hayana mjadala. Sehemu kubwa ya mji huu haijaunganishwa na bomba la maji taka, tunategemea mashimo na makaro. Halafu mvua ikinyesha kuna wale wenzetu wanaotapisha vyoo, wanafungulia shimo liende na mkondo. Kwa hiyo maji yanayopita barabarani kwenu na kuingia chini ya mlango yameshapita chooni kwa mtu. Kipindupindu kilichoanza hapa Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na kinaambukiza kwa kumeza kinyesi kilichoingia kwenye maji au chakula. Ongeza homa ya matumbo. Ongeza homa ya mgunda, ile iliyotangazwa mkoani Lindi Julai 2022, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na huingia hata kwenye mchubuko mdogo wa mguu. Ndiyo maana kutembea pekupeku ndani ya maji hayo si ushujaa.

Sasa, kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji hupanda daraja. Yale safi ya bomba yakikaa ndani ya zulia au godoro, yanaanza kuoza. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 mpaka 48, na kwa joto letu la pwani na unyevu wa masika, mimi ningehesabu saa 24 basi. Maji yanachukua pia tabia ya yanakopita. Mvua inayovuja kutoka darini unaweza kuiona kama maji ya Mungu, lakini imepita kwenye vumbi, mavi ya popo na ya panya kabla ya kudondokea kitandani kwenu. Usiihesabu daraja la kwanza.

Kwa hiyo, wapendanao, kabla hamjaanza kurushiana maneno, ulizaneni: yametoka wapi, yamekaa muda gani, yamegusa nini? Bei ya kitu ije mwisho.

Lakini hata kabla ya hapo, zima umeme kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe iko ndani ya maji au utaifikia kwa kukanyaga maji, usiiguse, mwite fundi. Watoto watoke. Mama mjamzito naye atoke, hata kama ndiye anayejua kudeki vizuri. Mzee, mgonjwa na mwenye pumu wasubiri kwa jirani. Baba wa nyumba avae mabuti na glavu, siku hiyo mpira utamsubiri.

Jik haiui kitu kwenye tope. Hili nalirudia kila mwaka. Anza kwa kuondoa uchafu, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo uweke dawa. Soma kwenye chupa: kama ina asilimia 3.5, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji inakupa nguvu ya asilimia 0.5, inayotosha sakafu iliyoguswa na maji ya chooni. Iache dakika 10 kabla ya kufuta. Fungua madirisha, na usithubutu kuichanganya na ile dawa kali ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia, kwani hewa inayotoka hapo ni sumu inayoweza kukulaza hospitali.

Kuhusu vya kutupa, bahati yetu ni kwamba tunajenga kwa matofali na saruji. Mwongozo wa Wamarekani umeandikwa kwa kufikiria nyumba za mbao na jipsamu, ambazo huko hulazimika kukatwa kuta. Sisi sakafu ya vigae na ukuta wa saruji vinasuguliwa, ingawa ukuta unaweza kuendelea kunyonya maji na kumenya rangi kwa wiki kadhaa, kwa hiyo msikimbilie kupaka upya. Kitanda cha mninga kinaoshwa na kukauka kivulini. Nguo na mapazia yanafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, yanaanikwa juani na kupigwa pasi.

Kilichobaki ni kile kinachonyonya. Maji ya daraja la tatu yakiingia kwenye godoro, limekwisha, hata likianikwa wiki nzima, kwa sababu jua linakausha juu, na ndani ya sponji halifiki. Ndivyo ilivyo kwa zulia nene, mito, midoli ya manyoya na kabati za unga wa mbao zilizovimba. Chakula kilichoguswa kinatupwa chote isipokuwa kopo lililofungwa vizuri, nalo lioshwe kwa dawa kabla ya kufunguliwa. Chuchu za chupa za mtoto zisiokolewe. Sofa najua ndilo linalouma, hasa la mkopo. Kama maji yameishia miguuni mwa mbao, litapona. Kama sponji imelowa, mwiteni fundi wa sofa awape bei ya kuvua kitambaa na sponji yote na kubakiza fremu. Mara nyingi ni nafuu kuliko jipya.

Mkiwa wapangaji, pigeni picha kabla ya kutupa, hasa pale bomba lililopasuka au chemba iliyofumka. Mwenye nyumba ataamini picha yenye tarehe kuliko maelezo yenu.

Na kuna kitu kimoja ambacho kwenye mabishano yote ya sofa na zulia huwa hakitajwi, nacho ndicho kinachonipa hofu kuliko vyote: tanki la chini. Nyumba nyingi za Mikocheni, Msasani na Mbezi zina tanki la akiba ardhini, na nyingine karo liko hatua chache tu kutoka hapo. Uwanja ukijaa maji, yanaingia kupitia mfuniko au nyufa, na wiki moja baadaye familia inaoga na kupiga mswaki kwa daraja la tatu ikidhani maji ni ya bomba. Mafuriko yakipita, msiwashe pampu. Litoeni maji yote, lisuguliwe, nyufa zizibwe, kisha lijazwe maji yenye klorini yakae saa 24 na kumwagwa. Bwana afya wa kata anaweza kuwaelekeza kipimo cha dawa kulingana na ukubwa wa tanki. Mpaka hapo maji ya kunywa, ya kupikia na ya mswaki yawe ya kununua.