"Jikaze!" Neno Linaloumiza Watoto Wetu Viwanjani

Pita jioni katika kiwanja chochote cha Kisauni, kiwe cha Mishomoroni, Mtopanga au Bombolulu, utawakuta vijana wakifukuzia mpira na kocha akipaza sauti pembeni. Ni jambo la kupongezwa, kwani mtoto aliye mazoezini hayuko maskani akifunzwa kutumia dawa za kulevya. Tena makocha wengi hawalipwi hata senti. Nauli na maji ya kunywa hutoka mifukoni mwao. Hata hivyo, lipo neno moja ambalo yafaa walichunge: "Jikaze!"

Mtoto akichechemea, huambiwa ajikaze. Akigongwa kichwa, humwagiwa maji na kurudishwa mchezoni. Sababu yafahamika. Fainali iko karibu, mfadhili aliyenunua jezi anataka kombe, nasi wazazi tuko kando ya mstari tukipiga kelele kumshinda kocha mwenyewe. Anayemtoa mchezaji wake hodari huitwa mwoga.

Lakini, msomaji, yafaa ieleweke kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Karibu na ncha za mifupa yake pangali laini, kwa kuwa hapo ndipo mfupa unaporefukia. Kati ya miaka 10 na 15 hivi, watoto wanaokimbia na kuruka sana huweza kupata maumivu chini kidogo ya pia ya goti, au kwenye kisigino. Hapo kano huvuta mfupa ambao haujakomaa. Dawa kubwa ni kupunguza mbio na kuruka hadi maumivu yatulie. Tembe anazomeza kabla ya mechi hazimponyi. Huziba tu kinywa cha goti linaloomba msaada. Goti likivimba, au maumivu yakimkosesha usingizi, mpeleke hospitalini.

Kichwa ndicho cha kuogopewa zaidi. Mtoto aliyegongwa kisha akaumwa na kichwa, akahisi kizunguzungu au kichefuchefu, au akasahau ni timu gani iliyofunga, asirudi uwanjani siku hiyo hata akiapa kwamba yu mzima. Aonwe na daktari. Pigo la pili kabla ubongo haujapona laweza kuua.

Basi tufanyeje? Kocha, mtoto akisema anaumwa, mwamini kwanza, mengine yatafuata. Mpe pia siku ya kupumzika kila wiki. Mzazi, usimwulize mwanao kama wameshinda kabla hujamwuliza kama ameumia. Nawe mfadhili, ukinunua jezi, nunua na sanduku la huduma ya kwanza. Kombe hupata vumbi kabatini, lakini goti bovu mtu huzeeka nalo.

Wazee walituambia samaki mkunje angali mbichi. Walisema kumkunja, hawakusema kumvunja.