TAARIFA KWA WANACHAMA: PEMBENI YA LAMI NI NJIA YA BAISKELI, SI MAEGESHO



Kuna hoja inazunguka mtaani, na wengine wanaoisema ni wanachama wetu: kwamba ile sehemu ya pembeni ya lami, nje ya mstari mweupe, iachiwe malori, kijiwe cha bodaboda na meza za biashara, kwa sababu "baiskeli zinaisha zenyewe". Tawi linapinga hoja hiyo.

Zinaisha wapi? Simameni saa 12 asubuhi kwenye njia ya kuingia Kasulu mjini. Mihogo, mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, madumu ya mawese, mwanafunzi kampakia mdogo wake kwenye keria. Wenzetu wa Kibondo wanayaona hayo hayo. Watu hawa walisukuma baiskeli kwenye vumbi na tope miaka yote. Leo lami imefika ndiyo tuwaambie wapishe?

Tunaambiwa pia kwamba mwenye baiskeli hachangii barabara kwa kuwa hanunui mafuta. Hapa tuongee kihasibu kidogo. Tozo ya mafuta inaingia Mfuko wa Barabara, sawa. Lakini barabara ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, kilomita 260, serikali ilikopa Benki ya Maendeleo ya Afrika ili kuijenga, na mkopo unalipwa na taifa zima. Mama anayenunua sabuni yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake anaulipa. Kwa hiyo ile pembeni ni mali yake pia. Mali ya wote ikihamia kwa wachache bila kikao wala muhtasari, mkaguzi ana jina lake, na si jina zuri.

Tupige na hesabu ya nyumbani. Tuchukue fundi wa Nyansha anayekuja mjini kwa bodaboda, shilingi 1,000 kuja na 1,000 kurudi. Siku 26 za kazi ni 52,000 kwa mwezi, 624,000 kwa mwaka. Fedha hiyo inanunua baiskeli mpya na chenji inabaki ya ada na daftari. Ukimwondolea fundi huyu njia salama, umemtoza nauli hiyo kila mwaka, wala hakuna diwani aliyeipitisha.

Na hilo la usalama si maneno. Lori likiegeshwa pembeni, mwenye mkungu wa ndizi hana pa kupita ila katikati ya lami, mgongo umegeukia magari yanayotoka Manyovu. Tulipigania lami. Hatukuipigania ili tuzikane.

Waliofika Dar es Salaam wameona Barabara ya Morogoro. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016, na pembeni zilijengwa njia za baiskeli na za waenda kwa miguu. Leo kuna sehemu ambazo bodaboda na wachuuzi wamezijaza hadi mwenye baiskeli anashuka na kusukuma. Hakuna aliyetangaza kuzifuta. Alianza mmoja, wa pili akasema "mbona yule", ikawa kawaida. Kwetu tayari yupo wa kwanza na wa pili.

Bodaboda si adui zetu. Ni vijana wetu, na wengi wao walianza kwa kubeba abiria kwa baiskeli. Msimamo wa tawi ni kwamba halmashauri itenge eneo la malori nje ya katikati ya mji, na vijiwe na meza vipewe nafasi isiyokula njia. Wanaosema hilo ni gharama tunawauliza: maziko je?

Kikao na mwenyekiti wa mtaa ni Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi. Mabalozi wapitishe taarifa nyumba kwa nyumba, maana wengi wanaohusika hawana simu ya kusoma ujumbe huu. Wenye baiskeli waje nazo, na mizigo yao kama wanatoka sokoni.

Katibu wa Tawi