Mizani ya utangazaji ishikwe na nani?

Mkulima anayepeleka mahindi Kibaigwa hapendi mnunuzi awe pia mwenye mizani. Hamtuhumu mtu wizi. Anajua tu kuwa mwenye mizani akiwa na mzigo wake sokoni, kilo haziaminiki. Soko la habari nchini Tanzania linahitaji kanuni hiyo hiyo.

Soko hilo lilifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993. Mwaka uliofuata Radio One na ITV zilianza kurusha matangazo. Mwaka 2003 iliundwa TCRA kusimamia utangazaji pamoja na simu na posta.

Itakumbukwa kuwa Januari 2016, waziri wa habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza bungeni kuwa TBC ingeacha kurusha moja kwa moja sehemu kubwa ya mijadala ya Bunge. Sababu iliyotolewa ni gharama ya Sh 4.2 bilioni kwa mwaka. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, kwani fedha ni za walipa kodi. Lakini mfanyabiashara anayesubiri kujua ushuru wa sukari hupata hasara anapoletewa habari nusunusu. Zaidi ya hayo, shirika la umma lilisemewa na waziri.

Januari 2018 TCRA ilivitoza vituo vitano vya televisheni faini ya jumla ya Sh 60 milioni kwa kutangaza taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Tangu hapo mhariri ana sababu ya kuuliza kwanza habari itamgharimu kiasi gani, ndipo aulize kama ni ya kweli.

Hapana ubishi kwamba masafa ni machache na lazima yagawiwe na msimamizi. Tatizo ni kwamba Rais ndiye anayeteua mwenyekiti wa bodi ya TCRA na pia Mkurugenzi Mkuu wa TBC. Mizani na mzigo vina mwenyewe mmoja.

Dawa si ngumu. Uteuzi huo uthibitishwe na Bunge baada ya usaili wa wazi. Fungu la TBC lipitishwe kwa miaka kadhaa kwa pamoja, lisikatwe kila inapoudhi. Faini isilipwe kabla rufaa haijasikilizwa.

Mkulima asiyeamini mizani hupeleka gunia lake soko jingine. Msikilizaji naye hubadili stesheni, na gharama za TBC hubaki kwa mlipa kodi yule yule.