Yatima Asilelewe Kama Msafiri

Wazee wetu wa pwani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu twaitumia kwa mzaha, tunapochoshwa na mgeni asiyejua kuaga. Lakini mimi, ndugu msomaji, nimejifunza kwa uchungu kwamba ina upande wa pili. Kumpa mtu jembe ni kumwambia kuwa sasa yeye ni mtu wa nyumba. Asiyepewa jembe hubaki mgeni, hata akilala kwako miaka sita.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu niliyeolewa Garissa. Mdogo wangu alikuja kuniuguza nilipojifungua mwanangu wa pili, akaposwa hapa hapa na binamu ya mume wangu. Mungu hakuwapa umri mrefu. Mumewe alifariki kwa maradhi, na kabla ya mwaka kwisha naye akafariki katika uzazi. Mwaka 2017 nikamchukua binti yao, akiwa na miaka minne. Nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja: mimi na mume wangu, mama mkwe wangu, watoto wetu sita, na vijana wawili wa jamaa kutoka Ijara waliokuja mjini kusoma. Yeye akatimiza kumi na wawili.

Anayeijua Garissa anajua nyumba kama yetu inavyokwenda. Kabla ya alfajiri mama mkwe amekwisha amka na moto unawaka. Watoto wakubwa hukimbilia shule, wadogo huenda chuoni na mbao zao za kuandikia Kurani. Mchana jua huwa kali hata mbwa hakuonekani njiani. Alasiri gari la punda huja na maji, na kila mwenye mikono hubeba mtungi. Chakula huliwa kwenye sinia mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake na wadogo. Baada ya magharibi bibi huwakalisha watoto mkekani akawasomesha majina ya mababu, baba kwa babu, mpaka juu kabisa. Wasomali huiita abtirsi, na mtoto asiyeijua yake huonekana kama aliyepotea njia.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Ami ya mtoto huyu, ndugu wa baba yake, anaishi Leicester, Uingereza. Ni mtu mwema, mwenye kazi yake, wala hakujaaliwa mtoto. Mwaka 2018 alitupigia simu akasema anataka kumchukua binti wa nduguye akamlee na kumsomesha. Wazee walikaa kitako, wakaona ni jambo la kheri. Mimi nililia usiku ule, lakini nami nilikubali. Nikanunua sanduku la bati katika soko la Suuq Mugdi, ami akaleta pesa za sweta na viatu vya baridi, tukapanga nguo, tukaliweka sanduku chini ya kitanda. Tulidhani ni mambo ya miezi mitatu.

Hatukujua tuliingia katika njia iliyokwisha fungwa. Mnamo Novemba 2014 Serikali ya Kenya ilikuwa imesimamisha watoto wa Kenya kuasiliwa na watu wa nchi za nje, kwa kuogopa biashara ya watoto. Sababu ilikuwa ya haki, kwani mtoto si mzigo wa kusafirishwa. Lakini ami yetu, ingawa kazaliwa Garissa, pasipoti yake ni ya Uingereza. Tukasema basi atamchukua kwa kafala, yaani malezi ya yatima kwa sheria ya Kiislamu, ambayo hayambadilishi mtoto jina wala nasaba. Tukajibiwa kwamba Uingereza haiihesabu kafala kuwa ni kuasili, na mtoto wa kafala hahesabiwi mwana kwa karatasi.

Wala si sisi peke yetu. Katika Machi 2019 Mahakama ya Umoja wa Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kesi ya msichana wa Algeria aliyechukuliwa kwa kafala na mke na mume wa Kifaransa waliokuwa wakiishi Uingereza. Mahakama ilisema kafala haimfanyi mtoto kuwa mzao wao, lakini aweza kuhesabiwa jamaa mwingine wa nyumba, na Serikali itazame kwanza maslahi yake. Huo ulikuwa mlango mdogo kwa raia wa Ulaya, na Uingereza yenyewe ilitoka katika Umoja huo Januari 2020.

Basi tukangojea. Mara karatasi ya kuzaliwa, kwani mtoto huyu alizaliwa nyumbani, mbali na hospitali, nasi ikabidi tutafute barua na mashahidi. Mara ugonjwa wa korona mwaka 2020, safari zikasimama. Mara ukame, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo tangu mwisho wa 2020, na mbuzi watano alioachiwa na baba yake, tuliowatunza mbali na wetu kwa kuogopa kula mali ya yatima, wakafa mmoja mmoja. Mara Novemba 2023, mafuriko yakakata barabara ya Garissa na Nairobi, na siku tuliyoitwa Nairobi ikapita tukitazama maji.

Lakini lililoniuma kuliko karatasi zote ni lile tulilolifanya wenyewe ndani ya nyumba, bila kujua. Kwa kuwa mtoto ni msafiri, tulimlea kisafiri. Shule tulichelewa kumwandikisha, tukisema kwa nini tulipe sare na yeye mwezi ujao anaondoka. Chuoni alikwenda siku apendazo. Maji hakubeba, sinia hakuosha, kuku hakuwafungia. Tulifikiri ni huruma, mtoto hana mama, mwacheni apumzike. Siku moja gari la punda limekuja, watoto wote wameinama na mitungi, naye amesimama pembeni akishika nguzo. Mtoto wa jirani akauliza mbona yule habebi. Mwanangu akajibu bila ubaya wowote, "Yule si wa hapa, yule ni wa Ulaya."

Usiku ule alinijia jikoni. "Mama mkubwa," akaniambia, "nikishakwenda, pale ninapokaa kwenye sinia atakaa nani?" Nikamwambia hapatakaa mtu. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi bado ni pangu?" Sikuwa na jawabu, maana niliona kuwa mtoto huyu kwa miaka sita alikuwa akila nasi kama abiria alaye kituoni, huku akisikiliza honi ya gari.

Asubuhi nilimweleza mama mkwe. Yeye hakusoma shule, lakini alinikumbusha kisa ambacho wengi wetu tumekisikia kwa masheikh. Sayyidna Hamza alipokufa shahidi Uhud aliacha binti. Mwaka wa saba wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akitoka Makka baada ya umra, binti yule aliwafuata, na watu watatu wakashindania kumlea: Ali, Jaafar na Zaid. Kila mmoja alikuwa na haki yake. Mtume alimpa Jaafar, kwa sababu mkewe alikuwa dada wa mama wa mtoto, na akahukumu kuwa mama mdogo au mama mkubwa yu katika daraja ya mama. "Basi wewe," akaniambia mama mkwe, "wangojea Mwingereza akuandikie kuwa u mama?"

Siku hiyo nilivuta sanduku. Sweta lilimfika kiwikoni, viatu havikuingia hata vidole. Niligawa vyote. Sanduku sasa latiwa unga. Jioni gari la punda lilipokuja nilimpa mtungi, mdogo kuliko wa wenzake kwa kuwa hakuzoea, na akaumwaga nusu njiani. Hapana aliyemcheka. Wiki iliyofuata alikuwa na sare, akakaa darasa moja na watoto aliowazidi miaka miwili. Hilo ndilo deni letu kwake, na hatutaweza kulilipa lote.

Najua wako watakaosema, dada, wewe wamnyima yatima bahati. Leicester kuna shule na hospitali, Garissa kuna vumbi. Sikatai. Ami yake hajaacha kumwombea ruhusa, nami sijamwambia aache. Karatasi zikija, na binti mwenyewe akataka, tutamsindikiza kwa dua, akiwa na jina la baba yake na orodha ya mababu zake kichwani. Katika muda huu ami hutuma pesa za shule kila mwezi, humpigia simu kila Ijumaa, na alikuja kumtazama akakaa siku kumi. Hiyo nayo ni kafala. Mtume alipoonyesha vidole viwili, cha shahada na cha kati, akieleza ukaribu wake peponi na mlezi wa yatima, hakuweka sharti kuwa lazima yatima alale chini ya dari yako.

Wako na wengine, hasa huku kwetu pwani, ambao wakisikia neno kuasili hupiga mkono mezani: haramu! Kisha hapo ndipo elimu yao yakomea. Waislamu wenzangu, kilichokatazwa ni kumbadilishia mtoto nasaba. Zaid bin Haritha aliitwa mwana wa Muhammad mpaka ziliposhuka aya katika Suratul Ahzab kuamrisha watoto waitwe kwa baba zao, naye akarejea kuwa Zaid bin Haritha, huku mapenzi ya Mtume kwake yakibaki pale pale. Kulea hakukukatazwa, kumeamrishwa. Na mambo yanayotutia hofu yana njia zake katika fikihi yetu ya Imam Shafi. Yatima wa kulea harithi kwa kafala, lakini waweza kumwandikia wasia katika theluthi ya mali yako. Wanao si maharimu zake, hivyo akibaleghe atajisitiri mbele yao. Sisi tumekwisha mpa chumba pamoja na bibi na wasichana wenzake. Na aliyemchukua mtoto mchanga akamnyonyesha mara tano kabla hajatimiza miaka miwili, huyo amekuwa mama yake wa kunyonya, na uharimu umethibiti.

Nchi nyingine za Kiislamu zimekwisha liweka jambo hili katika sheria. Algeria iliiandika kafala katika sheria yake ya jamaa ya mwaka 1984, Morocco ikatunga sheria yake mwaka 2002. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliutia mkono mwaka 1990, waitaja kafala kwa jina lake pamoja na kuasili. Hapa kwetu Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 haikuipa nafasi, lakini Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeiingiza. Hayo ni maendeleo, wala tusiyadharau. Kwa miaka mingi jamaa wa pwani na wa kaskazini mashariki wamelea mayatima kwa maneno ya mdomo tu, na mlezi akiulizwa na shule, na hospitali, au na askari wa kizuizini, hana hata kipande cha karatasi.

Kwa hiyo nina maneno mawili. La kwanza ni kwa wakubwa wa Serikali na masheikh wetu: neno kafala lisilale kitabuni. Mlezi wa Bula Iftin au wa Faza ajue ni mlango gani wa kubisha, ni karatasi gani ya kushika, na apate jibu mtoto angali mtoto. Na Serikali yetu izungumze na nchi ambazo ndugu zetu wamehamia, ili ami wa kweli, mwenye damu moja na mtoto, asipimwe kwa kipimo cha mgeni mnunuzi.

La pili ni kwako wewe uliye na mtoto wa nduguyo nyumbani, unayemngojea jamaa wa London, Jeddah au Toronto aje kumchukua. Ngoja, si vibaya kungoja. Lakini mwandikishe shule leo. Mpeleke chuoni leo. Mkosoe anapokosa kama unavyowakosoa wako, na mtume dukani kama unavyowatuma wako. Usimwambie kila jioni kuwa karibu anaondoka, kwani miaka ya mtoto haikai ikingoja muhuri.

Juzi nilimsikia akigombana na mwanangu yule yule aliyemwita wa Ulaya, kila mmoja akidai zamu ya kuosha sinia si yake. Kelele zikawa nyingi, bibi akashindwa kusali dhuha. Nilitoka nikaamua kuwa zamu ni ya binti. Alinuna, akaburuta sinia hadi uani, akaiosha kwa hasira. Nami nikarudi ndani nikamshukuru Mwenyezi Mungu.