KASI, KUNGURUMA NA FULANA NYEUSI SIO VIPIMO: BENDI YA METALI IPIMWE HIVI

Kuna jamaa mmoja wa Nairobi, shabiki kindakindaki wa hevi metali, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa ndo hakimu wa kijiwe chao. Bendi ikitajwa, watu wananyamaza wanamsubiri yeye. Akisema "hao feki", kesi imeisha. Akisema "hao ndo wenyewe", wenzake wanapakua albamu nzima usiku huo huo.

Vigezo vyake vilikuwa vinne tu. Bendi ipige kwa kasi. Mwimbaji angurume, asiimbe. Isiwe maarufu, maana ikishajulikana na kila mtu imeshauza roho. Na mwisho itoke Ulaya au Marekani, kwa sababu eti "huko ndo kwao".

Sasa shida ya vigezo vya namna hii ni kwamba vinawafelisha mpaka wazee waliouzaa muziki wenyewe.

Chukua Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza, waliotoa albamu ya kwanza mwaka 1970. Nyimbo zao nyingi zinakwenda taratibu, nzito, kama mtu anaburuta kabati la chuma. Mpiga gita wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani akiwa na miaka 17. Akajitengenezea vikofia vya plastiki vya kuvalisha vidole, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza zisimuumize. Ule mlio mzito ambao dunia nzima inauiga, sehemu yake kubwa umetoka kwenye maumivu hayo. Kwa kigezo cha kasi, wamefeli.

Judas Priest? Rob Halford anaimba kweli kweli, sauti inapanda juu kama filimbi na maneno unayasikia. Wamefeli. Metallica? Albamu yao ya 1991 imeuza zaidi ya nakala milioni 16 Marekani peke yake. Wamefeli, maarufu mno. Sepultura? Watoto wa Brazil, ambao kwenye albamu yao ya Roots ya 1996 walirekodi pamoja na Waxavante, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Wamefeli, sio "kwao". Ukishawatoa hao wote, umebaki na nini zaidi ya fulana nyeusi?

Na kasi yenyewe haina kosa. Slayer mwaka 1986 walitoa Reign in Blood, nyimbo 10 ndani ya muda usiofika nusu saa. Lakini sikiliza vizuri: kila wanapobadilisha mwendo kuna sababu. Kasi pale inafanya kazi. Wengi wanaowaiga wanakimbia tu, ukiwauliza wanakwenda wapi hawajui.

Hayo yangebaki maneno ya kijiweni kama yasingemuumiza mtu. Siku moja vijana wanne walipanda jukwaani kwenye ukumbi mdogo, wakapiga metali kwa Kiswahili. Jamaa alikuwa mbele kabisa, kakunja mikono. Wimbo wa pili ulipoisha akapaza sauti: "Rudini chekechea!" Ukumbi ukacheka. Mpiga besi, kijana wa miaka 19, akachomoa waya wake, akashuka. Bendi ile haijapiga tena.

Baadaye ndo jamaa akaja kuambiwa ule wimbo ulikuwa unahusu nini. Ulihusu nyumba za mtaani kwao kubomolewa alfajiri watu wakiwa bado wamelala. Yeye hakushika hata neno moja. Alikuwa anahesabu kasi.

Hapa wapo watakaosema basi tuwasifie tu vijana wa nyumbani, wanajitahidi. Hapana bana. Huruma sio kigezo, ni dharau iliyovaa nguo nzuri. Ukweli ni kwamba siku ile ngoma zilichelewa na gita moja lilikuwa halijakazwa nyuzi sawasawa. Hayo yalipaswa kusemwa, ila wakaambiwa pembeni kama fundi anavyomwambia fundi mwenzake, sio kurushwa kama jiwe mbele za watu.

Kwa hiyo bendi ipimwe kwa nini? Vitu vinne vinatosha.

Kwanza, wimbo usimame bila mkwaruzo. Zima umeme, upige kwenye gita kavu. Kama bado una kitu cha kumfanya mtu aupige mluzi akiwa njiani kurudi nyumbani, huo ni wimbo. Kama umebaki mifupa mitupu, kelele zilikuwa zinaficha.

Pili, ngoma na besi ziongee. Watu wa dansi wanalijua hili siku nyingi: solo linaweza kung'aa vipi, besi ikipotea na wimbo umepotea. Kwenye metali ni hivyo hivyo, sema makosa yanajificha kwenye sauti kubwa.

Tatu, hasira iwe na anwani. Umekasirikia nani, kwa lipi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Norway kuna wanamuziki wa metali waliochoma makanisa, na mwaka 1993 mmoja akamuua mwenzake. Mpaka leo wapo mashabiki wanaosimulia mambo hayo kama cheti cha "ukweli" wa muziki ule. Uhalifu haujawahi kuongeza utamu kwenye nyuzi za gita. Anayehitaji jinai ili aonekane halisi, kazi yake ina upungufu mahali.

Nne, usiangalie pasipoti. Duma, vijana wawili wa Nairobi, albamu yao ilitoka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda, mashine na mayowe vimechanganyika mpaka ukuta unatetemeka. Botswana mashabiki wa metali wanavaa ngozi na kofia za wachunga ng'ombe, na hawaombi ruhusa ya mtu. Muziki uliozaliwa na kijana wa kiwandani ni wa yeyote mwenye uzito wa kuutua.

Jamaa siku hizi bado anasimama mbele, na bado ni mkali. Tofauti ni kwamba anasikiliza wimbo mpaka mwisho kabla ya kufungua mdomo, na akiwa na neno anawafuata wahusika nyuma ya jukwaa. Ni hatua. Ila gita la yule kijana wa besi, kwa maelezo ya wenzake, lilishauzwa kulipa kodi ya chumba, na hakuna hukumu mpya itakayolirudisha.

Haya wadau, bendi ya kwanza uliyowahi kuiita feki, uliisikiliza mpaka mwisho?