Risasi ya Elki kwa Mita 500

Kwa wawindaji wa elki, aina ya kulungu mkubwa, katika milima ya Colorado, Marekani, ubishi hauishi: risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007, au .300 Winchester Magnum ya mwaka 1963?

Creedmoor ni tamu kupiga. Kichwa chake chembamba na kirefu hukata upepo vizuri, na bunduki haimpigi mtu teke la kumfanya afumbe macho kabla hajafyatua. Lakini elki dume huweza kupita kilo 300. Magnum hurusha kichwa cha gramu 13 hivi, mwenzake 9 na ushei, tena kwa kasi zaidi. Anayelimudu teke lake achukue hiyo. Asiyelimudu abaki na Creedmoor, ila asogee karibu.

Kinachosahaulika ni muda. Kufika mita 500 risasi huchukua zaidi ya nusu sekunde. Elki akipiga hatua moja tu, iliyolengwa moyoni inatua tumboni. Hakuna risasi dukani, hata iwe ghali vipi, inayotibu hilo. Boone and Crockett Club, chama kilichoanzishwa na Theodore Roosevelt mwaka 1887, kinapinga upigaji wa mbali unaomnyima mnyama nafasi ya kumhisi mwindaji.